Redio Iliyonyamaza Jikoni

Kila Jumamosi Akoth alichota maji mferejini, akafagia uwanja wa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Nakuru, kisha akasonga ugali. Jiko lao lilikuwa mabati juu, mabati kando, hata mlango mabati. Wakubwa wa reli ndio waliolijenga hivyo. Wapishi wao walipikia katika majiko ya matofali, basi joto la wengine liliwahusu nini?

Siku hiyo Akoth alitamani nyimbo. Ingawa Baba alikuwa amekataza redio yake ya betri isiguswe, aliitoa chumbani ikiimba, akaingia nayo jikoni na kufunga mlango, maana upepo ulileta vumbi la magadi kutoka ziwani. Papo hapo redio ikanyamaza. Akaitikisa. Wapi! Mkwaruzo tu. Ameiua! Akaifunika kwa karai.

Alasiri majirani wakajaa chumbani kusikiliza mpira kutoka Nairobi. Baba akatazama rafuni. Patupu.

"Nani amechukua redio?"

"Dalmas," Akoth akajibu haraka.

Dalmas, mdogo wake wa miaka mitano, akatoa macho. "Mimi? Hata rafu siifikii!"

"Labda alipanda juu ya paka," akatania jirani yao, Mama Nabalayo. Watu wakaangua kicheko.

Baba hakucheka. "Dalmas, leo hakuna mpira. Nenda ukalale."

Mtoto akalia kwa kwikwi. Akoth hakustahimili. "Baba, ni mimi. Iko jikoni. Nimeiua."

Baba akaenda, akaifunua, akatoka nayo. Hata hajavuka uwanja, sauti ikalipuka: "Goli!" Majirani wakaruka kama bisi kikaangoni.

"Imefufuka!" Dalmas akapiga kelele.

"Haikufa." Baba akarudi jikoni, akafunga mlango: kimya. Akatoka: mpira. "Sauti hii huletwa na mawimbi tusiyoyaona. Mbao yanapita, kioo yanapita, hata matofali yanapenya, ingawa yanachoka kidogo. Yakikuta bati, yanarudishwa."

"Kumbe wakubwa walitujengea gereza la redio!" akasema Mama Nabalayo.

Akoth akamshika mdogo wake mkono. "Nisamehe, Dalmas."

"Nipe ukoko wa ugali kwanza."

Baba akatabasamu, kisha akamgeukia bintiye. "Ungeniambia mapema, mwanangu, tungesikiliza mpira tangu mwanzo, na mdogo wako asingelia. Uwongo nao ni bati. Ukijifungia ndani yake, hata anayetaka kukusaidia hakusikii. Ukikosea, fungua mlango useme."