Kilima Kwenye Maji Matupu

Ilianza na kilima kidogo. Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, fundi wa maabara alipitisha maji matupu yaliyochujwa kwenye mashine ya kupimia madini, nayo ikachora karatasini mstari ulionyooka. Siku hiyo mstari ulipanda kidogo katikati, ukashuka. Mashine ilikuwa imeingia uchafu.

Hakulichukulia jambo hilo kimzaha. Maji aliyoyapima ndiyo yaliyotumika kusafishia damu za wagonjwa wa figo, wodi ya chini, na mmoja wao alikuwa dada yake, ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye duniani. Mstari usiponyooka, maji hayaruhusiwi. Na bila maji, dada hasafishwi.

Akasuuza mirija kwa tindikali. Akabadilisha glavu, koti, hata sabuni ya kuogea. "Una nini, mwenzangu?" aliiuliza mashine, maana alizoea kuisemesha tangu mwenzake wa zamu astaafu na nafasi yake isijazwe. Kilima kikazidi kupanda.

Siku ya pili ikaja harufu ya nywele mbichi, katika chumba ambacho hata mafuta ya kujipaka yalikatazwa, na adhuhuri, jua likiwaka dirishani, akasikia pumzi nyuma ya kabati la vioo, akashusha zake ili asikie vizuri, na zile nazo zikashuka, akazibana, nazo zikabanwa, mpaka kifua kikamuuma akawa hajui tena ni nani kati yao anayemngoja mwenzake apumue kwanza.

Akampigia simu shangazi yake, ambaye ni mganga. Shangazi akaja na chetezo, akasimama mlangoni akitafuta kiberiti.

"Usiwashe, shangazi!" fundi akanong'ona. "Moshi ukiingia humu, mashine haipimi kitu wiki nzima. Dada ana siku mbili tu."

"Kwani humu hamfukizi kabisa?"

"Hata manukato ni marufuku."

"Ndiyo maana. Majumbani kote anafukuzwa kwa ubani. Humu jini amepata raha yake." Shangazi akanusa, akapunguza sauti. "Na hakuja hivi hivi, ameitwa. Nani anaongeaongea humu kutwa?"

Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. "Mimi. Sina mtu wa kuongea naye."

"Basi hatoki bila wewe, mwanangu. Mkaribishe kwako. Kesho nitakuja nimfukize huko huko."

Fundi akavua glavu. "Twende nyumbani," aliliambia kabati. Kitu cha baridi kikamshika kidole cha mwisho, taratibu, kama mtoto anayevushwa barabara. Alipopitisha maji tena, mstari ukanyooka.

Baada ya siku mbili dada akapiga simu jioni, sauti imemrudia.

"Leo wamenisafisha vizuri, mdogo wangu. Lakini shangazi analalamika. Eti kagonga mlango wako siku mbili, hufungui?"

"Nilikuwa nimelala."

"Mh! Na huyo anayecheka hapo nyuma yako ni nani?"

Fundi aliitazama meza aliyoiandaa kwa sahani mbili. Ya pili ilikuwa tupu, imelambwa ikang'aa, na kiti chake kilikuwa kimelowa maji.

"Mwenzangu tu," akajibu, na kilichomtisha zaidi ni jinsi alivyofurahi kulisema hilo.