Sumu Iliyojua Kiswahili

"Shangazi amezidiwa," Sindano alisema kwenye simu. "Narudia. Shangazi amezidiwa."

Toyota yake ilikata kona, tairi zikalia. Ilikuwa saa tatu na dakika tano asubuhi. Jua linawaka, watu wanakwenda makazini kwao.

Katika idara yao, maneno yale yalikuwa na maana moja tu: mtambo wa kusafisha maji ya mji unashambuliwa.

"Acha mzaha," ilijibu sauti nzito. Idarani kila mtu alimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa yeyote. Alikuwa mkuu wa operesheni. "Maabara wamelipima lile faili siku nne. Ni safi."

"Maabara wamekosea."

"Wamelijaribu kwenye kompyuta tatu, Sindano. Tatu!"

"Na zote tatu zimewekwa Kiingereza."

"Endelea," Mjomba alisema.

Sindano alilipita lori huku akieleza. Kwa wiki tatu alikuwa ameajiriwa pale mtamboni kama fundi wa kompyuta. Kazi yake ya kweli ilikuwa kumchunguza Mhandisi, mgeni mmoja mpole aliyekuja eti kuboresha programu inayoendesha pampu. Alikuwa amefanikiwa kunakili flashi ya mtu huyo. Ndani yake mlikuwa na kisakinishi, ile programu ndogo ambayo kazi yake ni kupandikiza programu nyingine kwenye kompyuta. Maabara walikipima wakasema hakina neno.

Roho yake haikutulia. Asubuhi ile, mezani kwa dada yake, aliazima laptop yake, akaikatia mtandao, akachomeka ile nakala. Dada yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na laptop yake kila kitu kilikuwa kwa Kiswahili, mpaka majina ya miezi.

"Kisakinishi chochote kikianza kazi, huiuliza kompyuta swali," Sindano alisema. "Lugha yako ni ipi? Kompyuta inajibu, na dirisha linafunguka kwa lugha hiyo. Ni kawaida, ni kama kubisha hodi. Hiki nacho kinauliza. Kikijibiwa lugha yoyote isiyo Kiswahili, kinapandikiza programu safi, halafu uchafu wote kinaufuta."

"Na kikijibiwa Kiswahili?"

"Kinapandikiza amri ya kufungua vali zote za klorini. Na kwenye skrini kinaonyesha kwamba mambo ni shwari. Na kompyuta za mtambo zimewekwa Kiswahili."

Alisikia Mjomba akivuta pumzi.

"Wametengeneza sumu ya kutuua sisi tu," Mjomba alisema polepole. "Vijana watafika baada ya dakika ishirini na tano. Usiingie peke yako."

"Mhandisi amepangiwa kuanza saa tatu na nusu, Mjomba."

"Sindano, nimesema—"

Alikata simu. Hakukata kwa ushujaa. Aliogopa kwamba akiendelea kumsikiliza, atamtii.

*

Lango lilikuwa wazi. Mlinzi hayupo.

Hilo lilimtisha kuliko bunduki.

Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, beji yake ya ufundi shingoni, kalamu nene nyeusi mfukoni mwa shati. Kalamu ile iliandika vizuri tu. Ukibonyeza kitufe chake mara mbili, ilirusha pilipili umbali wa mita tatu. Bastola yake ilikuwa imefungiwa idarani, kwa sababu fundi wa kompyuta habebi bastola. Sheria nzuri, aliwaza, kwa aliyeitunga akiwa amekaa kitini.

Alisukuma mlango wa chumba cha udhibiti.

Mama Pacha, msimamizi wa zamu, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha ofisi, mikono juu ya meza, uso umesawijika. Mama huyu alikuwa amekesha na pampu zile miaka kumi na tisa, akalea mapacha wake kwa kazi hiyo hiyo. Nyuma yake alisimama Mhandisi na ovaroli yake safi ya bluu.

Mdomo wa bastola yake ya Glock ulikuwa umegusa kisogo cha Mama Pacha.

"Shikamoo, mama," Sindano alisema. Ilimtoka yenyewe. Ulimi haukuwa na kitu kingine cha kushika.

"Marahaba, mwanangu," Mama Pacha alijibu.

"Vizuri, mmeshasalimiana," Mhandisi alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kama cha mtu aliyejifunza kwa bidii kazi asiyoipenda. "Fundi, tulikuwa tunakungoja wewe. Kompyuta inataka neno la siri la fundi, na huyu mama anasema unalijua wewe tu. Funga mlango. Kaa."

Sindano alifunga mlango. Akakaa.

"Flashi iko tayari," Mhandisi alisema. "Weka neno la siri, bonyeza Endelea mpaka mwisho. Dakika tano tu, kila mtu arudi kwake."

Hakuna atakayerudi kwake, Sindano aliwaza. Anatudanganya kama watoto.

Akikataa, Mama Pacha anakufa sasa hivi. Akikubali, mji mzima unafungua bomba na kunywa. Alitazama saa kwenye pembe ya skrini. Saa tatu na dakika ishirini na tatu. Vijana walikuwa bado mbali.

Ilibaki njia moja: kompyuta iache kusema Kiswahili.

"Kwa akaunti hii ya mama kisakinishi hakitakubali," alisema. Alishangaa kusikia sauti yake imenyooka. "Lazima nitoke, niingie kwa akaunti yangu."

"Fanya."

Akaunti yake ya fundi ilikuwa ya Kiingereza tangu siku ilipofunguliwa. Aliingia. Menyu zote zikabadilika mbele ya macho ya Mhandisi, naye hakusema kitu. Sindano akabofya faili mara mbili.

Dirisha likafunguka.

KARIBU. BONYEZA ENDELEA.

Kwa Kiswahili! Yeye yuko kwenye akaunti ya Kiingereza, na bado kile kitu kimemsalimia kwa Kiswahili. Kwa hiyo hakikuwa kinamuuliza mtumiaji. Mtumiaji anaweza kuwa mgeni, anaweza kuwa mpita njia. Kilikuwa kinaiuliza mashine yenyewe, kule ndani kabisa, mahali ambapo lugha huandikwa mara moja siku inaponunuliwa na watu wakasahau.

"Mbona umesimama?" Mhandisi aliuliza.

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

Mama Pacha alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

"Saa," Sindano alisema. "Saa ya kompyuta hii imepotea majira. Iko nyuma ya yako. Kisakinishi kikikuta saa si sahihi, kitagoma katikati, na tutaanza upya."

Mhandisi alitupia jicho saa yake ya mkononi, kisha skrini. Tofauti ilikuwa ya dakika moja. Ilitosha.

"Irekebishe. Haraka."

Sindano alifungua ukurasa wa mipangilio. Kwa bahati, waliotengeneza kompyuta waliweka saa na lugha katika chumba kimoja. Alisogeza dakika moja mbele, taratibu, ili aonekane. Halafu akateremka chini. Eneo. Akabadilisha nchi. Mpangilio wa kibodi. Akafuta Kiswahili, akaacha Kiingereza. Kisha ukurasa wa ndani zaidi, ule ambao wengi hawaujui: lugha ya mfumo. Kijasho chembamba kilimtiririka mpaka kwenye kope. Kipanya kilimteleza mkononi.

"Hizo zote ni saa?" Mhandisi aliuliza. Sauti imeshuka.

"Saa inakwenda na nchi," alisema. "Nchi ikikosewa, saa inarudi nyuma yenyewe."

Ulikuwa nusu uongo. Ndiyo maana ulisikika vizuri.

Kompyuta ikatoa tangazo: izimwe na kuwashwa upya.

"Dakika ngapi?"

"Mbili."

Skrini ikawa nyeusi. Ndani ya weusi ule Sindano aliona sura yake mwenyewe, na nyuma yake bastola. Zilikuwa dakika mbili ndefu kuliko wiki tatu zote. Aliwaza kuhusu dada yake, ambaye bado hakujua yaliyoipata laptop yake, na ambaye kufikia saa hizi alikuwa darasani akiwaambia watoto wakajaze chupa zao za maji.

Skrini ikawaka. Akaingia. Akabofya.

WELCOME.

"Mbona sasa Kiingereza?" Mhandisi aliuliza.

Sindano alirudisha mkono kwenye kipanya.

"Hiyo ndiyo kawaida yake!" Mama Pacha alifoka ghafla, kama anayemgombeza mtu jikoni kwake. "Kila akiigusa huyu binti, inaamka na lugha anayotaka yeye. Nimelalamika mpaka nimechoka. Unanishikia bastola, halafu unaniuliza mimi habari za Kiingereza?"

Mhandisi alisita. Kisha akacheka kidogo puani.

"Endelea."

Sindano alibonyeza. Akabonyeza tena. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika mwisho. Kisakinishi kiliuliza swali lake, kikapata jibu, kikapandikiza programu safi, na kikajifuta kimya kimya.

Ukutani palikuwa na kipimo cha zamani cha klorini, cha mshale, kilichounganishwa moja kwa moja na bomba. Mhandisi alikikodolea macho.

Mshale haukusogea.

Dakika ikapita. Haukusogea.

Simu ya Mhandisi ikatetemeka. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akazungumza lugha ambayo Sindano hakuijua. Sauti ya upande wa pili iliuliza kitu kifupi. Mhandisi akajibu. Katika jibu lile Sindano alitambua neno moja tu.

English.

Upande wa pili ukapiga ukelele.

Mhandisi aligeuza kichwa kuitazama skrini. Ilikuwa sekunde moja. Sindano hakuwa na nyingine. Alichomoa kalamu, akabonyeza kitufe mara mbili.

Pilipili ilimjaa Mhandisi machoni. Alinguruma. Mama Pacha, bila kuambiwa, alinyanyua daftari la zamu, lile kubwa la jalada gumu, akalishusha kwenye kifundo cha mkono wenye bastola kwa nguvu zake zote.

Risasi ilipasua taa ya dari. Vioo vikawanyeshea.

Glock ikaanguka. Sindano akaipiga teke hadi chini ya kabati, akamrukia Mhandisi miguuni. Walianguka pamoja. Kiwiko kikampata tumboni, pumzi ikamkatika, lakini hakuachia. Aling'oa waya wa mtandao uliokuwa karibu, akauzungusha kwenye mikono ya mtu yule mara tatu, mara nne, mara tano. Aliendelea kuzungusha hata pale ambapo hapakuwa tena na haja.

"Basi, mwanangu," Mama Pacha alisema kwa upole. "Basi. Hawezi kwenda popote."

*

Vijana wa idara walifika saa tatu na dakika thelathini na nane. Walimkuta mlinzi wa lango amefungwa stoo, mzima, mwenye hasira. Mhandisi walimteremsha akiwa kama aliyekatwa ulimi kwa lugha zote anazozijua.

Redio ya mmoja wa vijana ikakwaruza. "Sindano. Hali?"

"Shangazi amepona."

"Nilikuambia usiingie peke yako."

"Nilisikia, Mjomba."

"Ripoti saa sita."

"Kesho," alisema, akazima redio.

Mama Pacha alikuwa akifuta vumbi la kioo kwenye kibodi kwa kanga yake. Alitazama skrini, akakunja uso.

"Sasa na mimi utaniacha na hiki Kiingereza chako?"

"Kompyuta hiyo ni ushahidi sasa, mama. Usiiguse."

"Ushahidi! Na pampu nitaziendesha kwa ushahidi?"

"Tumia ile ya pili. Ile bado ya Kiswahili."

"Nenda kanywe chai basi, mwanangu. Umekuwa mweupe kama chaki."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Aliteremka ngazi akishikilia ukuta kwa mikono miwili, daraja moja baada ya jingine, kama mtu anayejifunza kutembea. Alipofika mlango wa chini, ambapo wenzake walikuwa wamesimama wakimtazama, aliuachia ukuta.

Akatoa funguo za gari. Akawapita bila kugeuka, kwa mwendo wa fundi aliyemaliza kazi.