Ndiyo Tatu za Yusta

Kila Jumamosi Yusta alifua sare zake mapema, akazianika nyuma ya gereji ya baba yake, kisha akampelekea baba uji wa moto. Gereji ilikuwa Ipogolo, Iringa, kando ya barabara kuu, na mara nyingi baba alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Yusta alikuwa akiiambia miguu hiyo kuwa uji uko tayari, miguu ikajibu "Asante, mama," naye akaondoka mbio kwenda kanisani kwenye mafundisho ya kipaimara.

Jumamosi hiyo hakukimbia. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umekwisha, na mwalimu wao wa darasa alikuwa amewaaga kwa maneno yaliyomkaa kichwani. Januari, alisema mwalimu, kila mmoja atachagua masomo ya sayansi, ya sanaa au ya biashara. Likizo nzima wakae wafikirie wanataka kufanya kazi gani maishani.

Wenzake walijua. Au walisema wanajua, na kwa Yusta hilo lilitosha kumtia hofu. Yeye asubuhi alijiona daktari, mchana akajiona mtu wa kompyuta, na jua lilipoanza kuzama alikuwa amerudi kuwa Yusta tu, mwenye ndoo ya nguo na kichwa kilichovurugika.

Lakini kutojua hakukuwa shida yake kubwa. Shida ilikuwa kwamba alikuwa ameshajibu. Yusta alikuwa mtoto asiyeweza kuona uso wa mtu mzima ukinyong'onyea. Ukimuuliza kama ameshiba, atasema ndiyo huku tumbo likinguruma, ilimradi usihangaike kurudi jikoni. Tabia hiyo ilimfanya apendwe na kila mtu, na ndiyo iliyomponza.

Wa kwanza kuuliza alikuwa mjomba Gwakisa, kaka wa mama yake, aliyepiga simu kutoka Mbeya. "Mpwa wangu, siku hizi kazi ziko kwenye kompyuta," alisema. "Huku tunatengeneza mfumo, mkulima anajua bei ya mahindi akiwa shambani kwake, simu mkononi. Utasoma kompyuta, au siyo?"

"Ndiyo, mjomba."

Wiki iliyofuata shangazi Benedicta, dada wa baba, muuguzi pale mjini Iringa, alikuja na mkate na swali. Hospitali zinajengwa kila wilaya, alisema, na watu wa kuhudumu ndani yake hawatoshi. "Wewe una huruma, mwanangu. Utakuwa daktari wetu."

"Ndiyo, shangazi," alijibu Yusta, akaukata mkate.

Ndiyo ya tatu aliitoa Kilolo, shambani kwa bibi yake mzaa baba. Bibi alikuwa na miparachichi iliyoanza kuzaa vizuri, na nguvu zilizoanza kupungua. Jirani yake, Shedrack, alitaka kukodi shamba lote. "Nimkatalie?" bibi aliuliza, akiegemea jembe. "Maparachichi sasa yanavuka bahari. Ukisomea kilimo ukaja kulisimamia shamba, mimi simpi mtu." Macho yake yalikuwa yamejaa matumaini, na Yusta hakuwa na moyo wa kuyazima.

"Ndiyo, bibi. Nitakuja."

Sasa, watu hao watatu waliishi mbali mbali, na Yusta alijifariji kwamba maneno yake yatabaki mbali mbali vilevile. Alisahau jambo moja tu. Kipaimara chake kilikuwa kinakaribia, na kipaimara huwaleta ndugu wote kwenye turubai moja.

Siku ilifika. Ibada ilikwisha vizuri, pilau likaliwa, mshereheshaji akashika kipaza sauti na kuita ndugu waje kutoa zawadi. Shangazi Benedicta alitangulia akiserebuka, akakunjua koti jeupe la daktari. Kifuani lilikuwa limetariziwa kwa uzi wa bluu: Dkt. Yusta. Wamama walipiga vigelegele, na shangazi akamvisha koti hilo juu ya gauni lake la kipaimara.

Mjomba Gwakisa alifuata akicheka. "Shemeji yangu anatania. Huyu si daktari, huyu ni mtu wa kompyuta, mwenyewe kaniambia." Akamkabidhi kompyuta mpakato aliyokuwa akiitumia mwenyewe, imefutwa vumbi na kufungwa utepe. Tabasamu la shangazi likaanza kupungua.

Bibi alikuja wa mwisho, taratibu, amebeba mche wa parachichi kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Alichukua kipaza sauti kwa mikono miwili. "Kamweneee," aliwasalimu watu, wakaitikia. "Mimi sina maneno mengi. Shedrack aliomba shamba, nimemkatalia mbele ya wazee. Mjukuu wangu ameahidi atasomea kilimo, atarudi kwangu."

Muziki ulizimwa. Yusta alibaki amesimama katikati ya turubai, amevaa koti la daktari, kompyuta kwapani, mche mkononi.

"Jamani," alisema mshereheshaji, "sasa mtoto huyu tumwajiri wapi?"

Turubai zima liliangua kicheko. Waliokuwa hawacheki ni watatu tu, na walikuwa wale watatu hasa. Yusta aliona uso wa bibi unabadilika, ule uso aliofanya kila njia usibadilike, akatamani ardhi ipasuke. Aliweka mche chini na kukimbilia jikoni, akajificha nyuma ya masufuria.

Huko ndiko walikomkuta. Bibi aliketi juu ya kigoda, shangazi na mjomba wakasimama mlangoni pamoja na baba, aliyekuwa bado amevaa suti yake ya harusi inayombana.

"Yusta," alisema bibi, "mimi ulinidanganya?"

Yusta alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, laini kama yale mengine. Lakini alikumbuka bibi alivyoshika kipaza sauti kwa mikono miwili, akashindwa kulitoa.

"Ndiyo, bibi. Niliwadanganya wote." Alijifuta machozi kwa mkono wa koti jeupe. "Mlivyouliza, nilisema mlichotaka. Ukweli ni kwamba sijui. Sijui kabisa nataka kuwa nani, na kila nikifikiria nachanganyikiwa zaidi."

Shangazi alikuwa wa kwanza kukasirika. "Nilimpelekea fundi lile koti, nikamsimulia kila mtu kazini—"

"Subiri, dada," alisema baba. Hakuwa mtu wa maneno, na kwa hiyo wakasubiri. "Yusta, daktari akifika kazini asubuhi, anaanza na nini?"

"Sijui, baba."

"Mjomba wako akiwasha kompyuta, anafanya nini mpaka jioni?"

"Sijui."

"Parachichi la bibi yako likitoka Kilolo, linapita wapi kabla ya kuvuka bahari?"

Yusta alitikisa kichwa.

Baba aliwageukia wakubwa wenzake. "Na ninyi mlimuuliza swali ambalo jibu lake mlikuja nalo mfukoni. Mtoto amekosa, na atawaomba radhi mmoja mmoja. Lakini kazi hizi amezisikia tu, hajaziona. Mimi simruhusu fundi mgeni ashike injini ambayo hajaifungua aone ndani. Likizo ni ndefu. Mchukueni akae nanyi, aangalie."

Yusta aliomba radhi. Shangazi alinuna kidogo, kisha akamkumbatia. Mjomba alisema hata yeye alipokuwa kidato cha pili alitaka kuwa dereva wa treni. Bibi alisema tu, "Nimesikia," na akaomba apewe maji ya kunywa. Hiyo ilimuuma Yusta kuliko kufokewa.

Alianza na Mbeya. Ofisi ya mjomba ilikuwa chumba kimoja chenye meza, nyaya na vijana wasioinua vichwa. Siku nzima walitafuta kosa dogo lililofanya bei za maharage zionekane kwenye ukurasa wa mahindi. Mjomba alipolipata alishangilia kama aliyefunga goli. Yusta hakumwona, kwa kuwa alikuwa amesinzia.

"Ulilala," alisema mjomba jioni, wakinywa chai.

Zamani Yusta angekana. "Ndiyo, mjomba. Samahani. Mfumo wenu unasaidia watu, ila kukaa na kusubiri kiasi kile kulinishinda."

"Basi tumejua kitu," alisema mjomba, wala hakununa. "Ila kompyuta kaa nayo. Kazi yoyote utakayoenda utaikuta inakungoja."

Hospitalini alikaa kwenye benchi la mapokezi, akimtazama shangazi akiongea na wagonjwa mpaka wale wenye hasira wanatulia. Yusta alimheshimu zaidi kuliko mwanzo. Hata hivyo macho yake yalikuwa yakikimbilia dirisha la maabara, ambako watu waliingiza vichupa vya damu na kutoka na majibu. Wanapimaje? Wanajuaje? Aliuliza mpaka shangazi akachoka.

"Wagonjwa wako huku, mwanangu, na wewe unalinda dirisha," alilalamika shangazi.

Yusta alirudi nyumbani amechanganyikiwa kupita alivyoondoka. Hakutaka kuwa kama mjomba, hakutaka kuwa kama shangazi, na Januari ilikuwa inagonga mlango. Alipanda kwenda Kilolo roho ikiwa mkononi.

Alimkuta bibi na mgeni. Liberatus, mnunuzi wa maparachichi, alikuwa ameegesha gari uani na kupanga kreti tupu. Msimu ulikuwa bado mchanga, na bei ilikuwa nzuri kwa atakayevuna mapema. Bibi alitaka kuuza. Aliogopa tu yaliyompata mwaka uliotangulia, alipovuna mapema na maparachichi yakarudishwa, yamenywea bila kuiva.

"Mwaka huu nataka uhakika," alimwambia Yusta. "Twende kiwandani na machache, yapimwe. Baba yako alisema uone yanapopita."

Liberatus alikubali kungoja, kwa kuwa kiwanda cha kufungasha hakikuwa mbali. Waliyempata huko ni dada Mehjabeen, msimamizi wa maabara, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini Iringa. Alimpa Yusta kofia ya kufunika nywele na kumwonyesha kazi. Parachichi linakatwa, nyama yake inapimwa uzito, inakaushwa mpaka maji yote yaishe, kisha inapimwa tena. Kilichobaki kikiwa kingi, tunda limekomaa na litaiva vizuri hata likisafiri mbali. Kikiwa kidogo, bado.

"Kwa macho huwezi kujua?" aliuliza Yusta.

"Kwa macho yote ni ya kijani," alisema Mehjabeen. "Haya, pima wewe, mimi nakuangalia."

Yusta alikata, akapima, akakausha, akapima tena. Hakusinzia. Hakutazama dirisha lolote. Alipokosea mara moja, Mehjabeen alimwambia aanze upya, naye alianza upya kwa furaha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye hesabu. Alikumbuka vile vichupa vya hospitalini. Kumbe kilichomvuta pale si damu wala wagonjwa. Ni kule kuuliza kitu swali mpaka kikupe jibu la kweli. Jibu la maparachichi ya bibi lilipotoka, alilisoma mara mbili, na furaha ikamwisha.

Waliporudi, Liberatus alikuwa ameshika kreti. Bibi alimshika Yusta bega na kumtazama kwa macho yaleyale ya siku ile shambani, yaliyojaa matumaini.

"Yamekomaa, mjukuu wangu? Tuvune?"

Yusta alihisi ile ndiyo ikipanda kooni, nyepesi na tamu. Aliimeza.

"Hapana, bibi. Bado. Ukivuna leo yatanywea kama ya mwaka jana. Yanahitaji wiki kadhaa, kisha tupime tena."

Uso wa bibi ulinyong'onyea, na Yusta alivumilia kuutazama. Liberatus alisema mtoto huyo anamkosesha biashara bibi yake. Bibi aliiangalia miti yake, halafu akachukua kreti mikononi mwa mnunuzi na kuirudisha garini mwenyewe.

"Njoo wiki hizo zikipita, Liberatus," alisema. "Mpimaji wangu amekataa."

Gari lilipoondoka, bibi alimtuma Yusta alete ule mche wa siku ya kipaimara, ambao alirudi nao Kilolo, ukiwa bado kwenye mfuko wake mweusi kivulini. Waliuchimbia shimo pamoja.

"Nitachagua sayansi, bibi," alisema Yusta akishindilia udongo. "Nataka kujifunza kupima. Kama itakuwa maparachichi, au damu, au maji, hilo bado sijui. Na sijui kama nitarudi kukaa hapa."

"Shedrack nitamkodishia nusu," alisema bibi. "Nusu nitakuwekea, na usiporudi sitakulaumu." Alijifuta udongo mikononi, akamgeukia. "Nisikilize sasa. Kutojua si kosa, mwanangu. Mtu hajui, anakwenda kuangalia, anauliza, anajaribu, mwisho anaiona njia yake. Kosa ni kumpa mtu ndiyo ya uongo ili afurahi, kwa sababu yeye anajenga nyumba juu yake. Siku ile uliniambia ndiyo nikafurahi, kumbe umenipoteza. Leo umeniambia hapana, na mavuno yangu yamepona."

Yusta alichota maji, akaumwagilia mche.

"Umechoka?" aliuliza bibi. "Una njaa?"

"Ndiyo, bibi," alisema Yusta. "Nina njaa sana." Bibi alicheka, wakaongozana kwenda jikoni.