Bega la Nyumba Yetu

Kila asubuhi pale Bihambwe, kijiji chetu cha milimani upande wa Goma, kabla ya kwenda shule, mimi Uwamariya nilichota maji huku Papa, baba yangu, akiwa amekaa mlangoni akingoja chai. Alikuwa na miaka arobaini na saba, tumbo mbele, na majirani walimsifu kwamba Papa Evode amenenepa, basi mambo yake ni mazuri. Nilijivuna. Kwetu nani anataka baba mkondefu?

Kijijini, mgonjwa hubebwa kwa tipoyi, machela ya miti miwili inayokaa kwenye mabega ya watu wanne, na kila nyumba hutoa bega. Nyumba yetu ilitoa bidoni, dumu zima la kasiksi, pombe ya ndizi. Papa alisema bega ni kazi ya vijana. Wabebaji walikunywa, wakainua tipoyi.

Jumanne moja risasi zikaanza kulia kilimani. Koko, mama yake Papa, hatembei tangu alipovunjika kiuno, na vijana walikuwa mashambani. Walikuja watu watatu tu kumbeba, kwa hiyo Papa akashika nafasi ya nne. Hatukufika hata kwenye mteremko. Papa alihema, magoti yakamkunjika, tipoyi ikapinduka. Koko alibingirika mpaka mtaroni, kichwa kikapasuka. Papa Esdras, jirani yetu, aliinama kumwokota, risasi ikamvunja mkono. Nyuma yetu nyumba zilikuwa zinaungua. Siku ile nilimchukia baba yangu, siwezi kudanganya.

Koko alishonwa nyuzi kumi na moja. Papa akaapa kuliondoa lile tumbo. Akaacha maharagwe na maziwa, akala kipande cha muhogo mara moja kwa siku. Baada ya miezi miwili suruali ilimlegea, akafurahi. Lakini siku aliyojaribu kuinua gunia la viazi, alianguka nalo. Nikamsindikiza kwa Mama Bénédicte, muuguzi, naye akamshika mkono wa juu, akauminya.

"Papa Evode, hukupunguza tumbo tu. Umekula misuli yako mwenyewe. Kwa miaka yako, misuli iko inaondoka yenyewe. Kama huipi kazi na chakula, hairudi."

Alimwagiza ale maharagwe kila siku, na mayai, na ile jibini tunayoipeleka yote sokoni Goma bila kuionja. Siku tatu kwa juma abebe kitu kizito, aongeze kidogo kidogo, siku nyingine apumzike. Papa aliuliza kama hajachelewa. Mama Bénédicte akamjibu kwamba mwili hauulizi cheti cha kuzaliwa.

Basi Papa akaanza na jiwe. Alilipandisha kilimani, akalishusha, jasho likimtiririka. Watoto walimcheka, na mimi, ole wangu, nilicheka nao. Baadaye lile jiwe likawa gunia la udongo. Akaninyang'anya hata bidoni zangu za maji. Mwaka ukapita.

Mwezi wa tatu vita vilirudi, saa sita mchana. Papa na Habineza, kijana wa jirani, walishika mbele ya tipoyi ya Koko, wengine wawili nyuma. Bomu lilianguka shambani, udongo ukatunyeshea, na Habineza akaanguka, mguu wake umechanika. Wanawake wakamburuta. Papa aliingia katikati, akaweka miti yote miwili mabegani mwake, akatembea. Nilimfuata nikingoja magoti yale yakunjike tena. Hayakukunjika. Tulivuka mto, tukapanda, tukafika kanisani tulikokimbilia.

Papa alipovua shati, ngozi ya mabega ilikuwa imechubuka, damu inatoka. Koko akamwita karibu, akamgusa pale.

"Mwanangu, kasiksi haibebi muntu. Bega njo linabeba. Na bega linajengwa siku za amani, si siku ya risasi."

Jioni tuligawiwa maharagwe. Nilimmiminia Papa yangu yote, maana aibu ya kile kicheko ilikuwa bado haijanitoka. Akanirudishia nusu.

"Kula, Uwamariya. Nawe uko na bega."