Nani Alishika Kamera

Siku alipoingia kwenye duka la kamera, mwanamke huyu alikuwa ameshaamua kwamba atapunjwa. Jengo la maduka lilifurika watu, vipaza sauti vya wauza simu vikishindana nani atoboe masikio zaidi, naye akapenya katikati yao na gauni lake la zambarau, viatu vya chini, mkoba ameubana kwapani. Tusimlaumu. Alikuwa mkaguzi wa madai kwenye kampuni ya bima, na kazi yake ilikuwa kutazama picha za magari yaliyobondeka na kusema nani anadanganya. Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi, hata salamu unaichunguza.

Nyuma ya kaunta alisimama mwanamume mrefu, mikono ya shati jeupe ameikunja, akifuta lenzi taratibu kana kwamba duka halina mteja.

"Nataka ile kubwa," alisema mwanamke, akionyesha kabatini.

"Ya nini, dada?"

"Ya kupigia picha. Kwani wengine huwa wanapigia pasi?"

Mwanamume akacheka. "Namaanisha, utampiga nani?"

"Watoto wa dada yangu, pacha. Wameanza kutembea, na kwenye simu yangu wanatoka ukungu mtupu."

"Basi hiyo kubwa siyo. Siku ya kwanza utaibeba kwa fahari, baada ya hapo shingo itakuuma na kamera italala kabatini." Akatoa nyingine, ndogo, nyeusi, inayoenea kiganjani. "Hii inawaka haraka. Watoto hawamsubiri mtu. Wapige karibu na dirisha, zima flashi, halafu upige magoti. Ukipiga umesimama, utapata picha za visogo."

Muuzaji anayemkatalia mteja kitu cha bei kubwa ana lake jambo. Ndivyo alivyowaza mkaguzi, akakunja uso. "Mbona hii unaisukuma hivyo? Imekosa mnunuzi?"

"Imekosa. Kila mtu anataka aonekane na kubwa."

Jibu hilo halikuwa na ujanja wowote, na ndilo lililomwingiza mwanamke huyu matatani. Aliinunua. Akaambiwa kwamba ikiwa na ubovu airudishe, na ikiwa nzima alete picha.

Alipeleka picha. Akapeleka tena, na tena, hata zile ambazo hazikuhitaji ushauri wa mtu. Mwanamume alikuwa akizikuza kwenye kompyuta ya dukani na kuzisoma kama barua.

"Hii umepiga wewe, umechutama. Hii kapiga dada yako, amesimama, ana haraka."

"Umejuaje?"

"Tazama lenzi ilikuwa wapi. Picha inamtaja aliyeipiga hata kama hayumo."

Wakapendana hivyo, juu ya picha za watoto wenye uji mashavuni. Yeye akamwita mwanamume Fundi, na Fundi akamwita Mkaguzi, kwa sauti ambayo kule ofisini hakuna aliyewahi kuitumia. Jioni walipigiana simu.

"Mkaguzi wangu, umekula?"

"Nimekula. Mbona unanong'ona?"

"Sauti yangu ndiyo ilivyo."

"Dukani unapiga kelele kama mnadi, jioni unakuwa bubu?"

"Nikikusikia wewe, sauti inakwisha."

Maneno matamu, na mkaguzi aliyameza. Lakini hakuacha kuyahesabu mashaka yake. Kila mchana Fundi alifunga duka na kukimbilia nyumbani. Siku moja mkaguzi alimpelekea chakula ili asiondoke. Fundi akashukuru, akakifunga vizuri, akaondoka nacho. Nyumbani kwake hakumkaribisha kamwe. Walipopita mtaa ule alimwonyesha mlango kwa kidole tu, kutoka ng'ambo ya barabara, kisha akaharakisha hatua. Na alipoulizwa, alisema anaishi peke yake.

Halafu ikaja picha. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mkaguzi yuko kwa dada yake anawavisha pacha soksi, simu ikalia. Kwenye picha Fundi alikuwa jikoni, kikaango mkono huu, mwiko mkono ule, unga shavuni, anacheka mpaka jino la mwisho. Chini yake ameandika: "Niko peke yangu, napika. Ungekuwepo."

Mkaguzi alitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Mikono yote miwili ya Fundi ilikuwa na kazi.

Akaikuza picha. Lenzi ilikuwa chini, usawa wa kiuno. Picha ililala upande, kama iliyopigwa na mtu aliyeshika kamera kwa mkono mmoja. Na Fundi hakuitazama kamera. Alimtazama aliyekuwa nyuma ya lenzi. Alimtazama kwa mapenzi, hilo halikuhitaji mtaalamu.

Akapiga simu hapo hapo.

"Fundi, nani kakupiga picha?"

"Kamera ina kipima muda, mpenzi. Unaiweka mezani, inajipiga yenyewe."

"Aa. Sawa."

Sawa hiyo ilikuwa ile aliyowapa watu wanaosema gari lao limegongwa na ng'ombe. Mtu anayesubiri kipima muda husimama ameng'ang'ania tabasamu. Meza haiinami upande. Na hakuna mwanamume anayeichekea meza namna ile.

"Ana mke," alikata kauli dada yake, akimfuta pacha mmoja pua. "Mfupi. Au amekaa kitini anasubiri kupakuliwa, malkia wa watu."

"Labda ni mtoto."

"Mtoto naye ana mama, mdogo wangu. Utakaa hapa unahesabu vidole?"

Mkaguzi alivaa viatu. Roho ilimuuma, tena sana, maana alikuwa amekwisha kumpenda yule mtu na hakuwa na akiba ya moyo mwingine. Njia nzima alipanga maneno. Akimkuta mke atamwomba radhi mke, kisha atamwambia Fundi neno moja tu, na kamera atamwachia mlangoni.

Fundi alifungua mlango akiwa na taulo begani. Rangi ikamtoka.

"Mkaguzi."

"Nimekuja kuonana naye."

"Na nani?"

"Aliyeshika kamera."

Kabla Fundi hajapata uongo mwingine, ndani ilisikika sauti ndogo ya kamera ikipiga. Sebuleni, karibu na dirisha, alikaa mzee kwenye kiti cha magurudumu. Mkono mmoja ulilala mapajani bila kazi. Mwingine, ugwe wa kamera umezungushwa kwenye kifundo, ulikuwa umemlenga mgeni kwa kamera ndogo nyeusi.

"Usisimame hapo," alisema mzee, maneno yakitoka taratibu upande mmoja wa mdomo. "Jua liko nyuma yako. Unatoka mweusi tii."

"Baba yangu," alisema Fundi.

Nafuu ilimpitia mkaguzi mwili mzima, akataka kucheka. Nyuma yake ikaja hasira, na hiyo ndiyo iliyokaa.

"Uliniambia unaishi peke yako."

"Nilikuwa na mchumba zamani. Alikuja hapa, akamwona Baba na kiharusi chake, akasema anakwenda kununua sukari. Hakurudi. Nikaona wewe nikuambie polepole."

"Polepole mpaka lini? Mpaka tumezaa?"

"Niliogopa."

"Unamwonea aibu baba yako?"

"Simwonei aibu hata kidogo. Nilikuogopa wewe."

"Basi ulishanihukumu kabla sijafika," alisema mkaguzi. "Fundi, mimi kudanganywa ndiyo kazi yangu, na kule ninalipwa. Kwako nilikuja kupumzika."

Mkaguzi akageukia mlango.

"Binti," aliita mzee.

Alisimama, kwa adabu tu.

"Nilimwambia akwambie. Mbishi. Kama mama yake."

Mkaguzi akamtazama mzee machoni, kama anavyowatazama mashahidi. "Anaficha nini kingine?"

Mzee alimtupia mwanawe jicho. "Anakoroma."

Kisha akanyoosha mkono wenye kamera. "Ile kubwa aliyoniletea kwanza ilinishinda. Hii naiweza. Tazama mwenyewe."

Mkaguzi alichutama kando ya kiti, ugwe bado uko mkononi mwa mzee, akaanza kubonyeza. Picha zote zilikuwa za chini, zote zimelala upande. Fundi amepiga magoti anafunga kamba za kiatu. Fundi amejaa povu mpaka viwiko, anamnyoa mtu asiyeonekana. Fundi anafungua chakula ambacho mkaguzi alikipika mwenyewe. Fundi amesinzia na kijiko mkononi. Kisha Fundi dirishani na simu sikioni, uso umelainika kabisa.

"Hapo anaongea na wewe," alisema mzee. "Kila jioni. Mimi naambiwa nipunguze redio."

Alizitazama kwa jicho la ofisini, akitafuta mahali pa kutia shaka, na hakupaona. Alikuwa na haki ya kukasirika, na bado alikuwa amekasirika. Lakini aliyekuwa kwenye picha zile ndiye mwanamume aliyempenda, wala hakuwa mwingine.

Akainuka. Fundi alikuwa bado mlangoni na taulo lake.

"Jumapili ijayo utakuja kwa mama yangu," mkaguzi alimwambia. "Mchana kweupe. Na baba yako utakuja naye."

"Kwenu kuna ngazi."

"Mtambeba. Wewe na shemeji yangu. Mtu akija kuposa anakuja na baba yake, hamfungii nyumbani."

"Kuposa?" Fundi alimeza mate. "Kwa hiyo umenisamehe?"

"Sijasema hivyo. Nimesema uje naye."

Fundi alijifunika uso kwa lile taulo, akalia bila kujificha. Mkaguzi alimwacha alie, maana ilimstahili. Akavuta kiti, akakaa karibu na yule mzee.

"Baba," alimwita, "siku hiyo utavaa shati gani?"