Matumbo ya Samaki na Papai Bichi

Mimi ni Riyama. Naparua na kusafisha samaki wa watu hapa Chukwani. Mume wangu Silima ananisaidia kuosha. Kazi hii ndiyo inayotulisha.

Wateja wengi wanataka minofu tu. Vichwa na matumbo wananiachia mimi. Nilikuwa nayamwaga nyuma ya nyumba. Siku moja alikuja jirani yetu, Mbarouk, ameziba pua.

"Bi Riyama, harufu na nzi vimetushinda! Ijumaa nnakuja na sheha, mkubwa wa mtaa. Akiuona uchafu huu, atakufungia kazi."

Nilipandwa na hasira. Samaki wale wao, uchafu uwe wangu peke yangu! Toba!

Jioni alipita Khairat, mtaalamu wa mifugo.

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba. Mwenzio nnafungiwa kazi!"

Nilimweleza yote. Akaichungulia ndoo yangu.

"Huu si uchafu," alisema. "Humu mna protini nyingi. Protini ni kama mkufu mrefu. Papai bichi lina kitu kinaitwa kimeng'enya. Hicho huukata mkufu ukawa vipande vidogo. Vipande hivyo ni peptidi. Baadhi yake husaidia mwili, na wataalamu bado wanavichunguza. Tumbo la kuku wako huvipokea kwa urahisi."

Kesho yake nilikatakata vichwa na matumbo. Nikayachemsha. Yalipotokota, nikatia papai. Nikakoroga mpaka mkono ukaniuma. Wapi! Minofu ya vichwani ilibaki mapande vile vile, haikuyeyuka.

Khairat alipokuja, alicheka. "Umekiua kimeng'enya. Moto mkali hukiharibu."

"Ala! Mimi nshapika makongoro miaka thelathini, leo unanifundisha jiko?"

"Makongoro hulainishwa na moto, Bi Riyama. Hapa kazi ni ya papai. Liache lifanye kazi kwanza."

Silima aligeuka upande, anacheka. Nilimtupia jicho, akarudi kuosha ndoo. Lakini Khairat alisema kweli.

"Haya, nionyeshe," nikasema.

"Tumia vichwa na matumbo ya leo, kabla hayajaoza. Vaa glavu, utomvu wa papai huwasha. Liponde papai na utomvu wake. Changanya na matumbo hayo, na maji ya moto ambayo mkono unayastahimili. Funika, yasipoe. Koroga kila baada ya muda, kwa saa nne. Mwisho ndipo uchemshe vizuri, kimeng'enya kisimame na vijidudu vife."

Tulifanya hivyo. Lo! Minofu iliyeyuka, ikabaki mifupa. Tulichuja, tukachanganya supu na pumba. Tuliwapa kuku wetu kidogo, siku hiyo hiyo. Waligombania bakuli. Nyuma ya nyumba tulifukia uchafu wote wa zamani.

Ijumaa Mbarouk alimleta sheha. Sheha alizitazama ndoo. Zilikuwa tupu na safi.

"Mbona nzi bado wapo?" aliuliza.

Kweli, walikuwepo. Walikuwa wanatoka upande wa pili wa ukuta. Sheha akawafuata, na sisi nyuma yake. Karibu na jiko la Mbarouk palikuwa na rundo la vichwa vya changu, vya siku tatu.

Damu ilinichemka. "Mimi nifungiwe kazi, na wewe unafuga nzi! Huna haya?"

Mbarouk aliinamisha kichwa.

"Bi Riyama, endelea na kazi yako," alisema sheha.

Nilimkabidhi Mbarouk ndoo.

"Vichwa vya leo niletee leo, vikiwa vibichi. Hivi vilivyooza vizike mwenyewe. Sasa hivi!"

Akachukua jembe, akaanza kuchimba.