Msikilizaji wa Ng'ambo ya Mto

Redempta, mjukuu wa Bibi Veronika wa kule Mgeta juu, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: vijitabu vya watoto vya hadithi za mizimu. Walimu walimnyang'anya kimoja, akaazima viwili. Kadiri kisa kilivyotisha ndivyo alivyochekelea. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo wa wakili, na huo mdomo ndio uliomponza.

Maana Bibi alishamkanya, tena si mara moja.

"Hadithi ni za jioni, mjukuu wangu. Jioni tunafunga mlango, tunajua nani yumo ndani. Mchana utajuaje nani anasikiliza?"

"Lakini Bibi, mimi sisimulii. Nasoma tu."

Jumatano hiyo Bibi aliwaacha mtoni, yeye na mdogo wake Skola wa miaka sita, wasafishe karoti kabla lori halijafika barabarani. Walizimwaga kwenye kidimbwi, wakazikanyagakanyaga mpaka udongo ukatoka. Saa sita mchana ukungu ulishuka kutoka msituni, ukafunika ng'ambo ya mto, jambo la kawaida kabisa huko. Wakakaa juu ya jiwe kupumzika. Redempta akachomoa kitabu kiunoni mwa sketi.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!" Skola akaitikia, mapengo yote nje.

"Njoo," ikasema sauti ya tatu.

Ilitoka ng'ambo, ndani ya ukungu. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, kavu, isiyo na urafiki. Redempta alidhani ni jirani amekuja kufua. Akasalimia kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Hakuna marahaba.

"Soma," sauti ikasema.

Akasoma. Aliogopa kidogo, lakini tuseme ukweli, alipenda kusikilizwa. Kilikuwa kisa cha mtu na mdogo wake, wasichana wawili, na mzimu uliokuja kumchukua mmoja wao. Akafika pale mzimu unapogonga na dada mkubwa anakwenda kufungua.

"Siyo hivyo."

Sauti ilikuwa imevuka. Ilikuwa upande huu wa mto.

"Alichukuliwa mdogo."

Maji ya kidimbwi yakatikisika. Karoti zikadidimia, kulia, kushoto, kulia. Kuna aliyekuwa anazikanyaga, na hakuonekana.

"Dada, twende," Skola akanong'ona.

Redempta alifunga kitabu. Hapohapo pindo la gauni la Skola likavutika kuelekea majini. Hapakuwa na mkono. Mtoto akateleza kwenye jiwe.

"Malizia," sauti ikasema. "Alichukuliwa mdogo. Sema."

Hapo Redempta akaelewa. Kitu hicho kilikuwa kinangoja kinywa chake. Akisema mdogo, Skola ndiyo basi tena. Alikichukia kwa moyo wote. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama kilivyoandikwa.

"Mzimu ukamchukua dada mkubwa."

"Haya," sauti ikasema.

Gauni likaachiwa. Redempta akamdaka Skola kifundo cha mkono, wakapandisha mlima mbio. Hawakugeuka. Mkono hakuuachia hata mara moja. Uani walimkuta Bibi anafunga viroba.

"Shikamoo, Bibi!"

Bibi alimtazama Skola. Skola peke yake.

"Dada yako umemwacha wapi?"

"Nipo hapa, Bibi! Bibi!"

Skola akageuka. Akatazama palepale Redempta aliposimama. Akaanza kulia.

"Sijui. Alikuwa amenishika."

Wanaume wa kijiji walitafuta kando ya mto siku tisa. Padri alikuja, akasali, akaondoka.

Skola sasa yuko darasa la tatu. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto kuna alama ya vidole vitano, ya tope bichi. Wameisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Haitoki, na haijawahi kukauka.

Siku hizi Bibi haisugui tena. Kila asubuhi huishika kwanza, taratibu, halafu husema, "Umeamkaje, Redempta?"

Hakuna anayejibu. Ila Skola anasema, Bibi akisalimia, vile vidole hukaza.